Kufundisha Ubadilishaji wa Sili ya Habu ya Nyuma: Kutoka Tone la Oili hadi Chanzo Chake

1. Utangulizi

Miongoni mwa kazi ambazo mwalimu wa ufundi wa magari hutakiwa kuzifundisha mapema, kubadilisha sili ya habu ya nyuma inayovuja ni kazi yenye manufaa makubwa kwa mwanafunzi. Haihitaji mitambo ya thamani kubwa. Humkutanisha mwanafunzi na gurudumu, breki, beringi, ekseli na difu kwa wakati mmoja. Aidha, ni kazi ambayo atakutana nayo kwa hakika mara atakapoanza kujitegemea, kwani magari yanayopita njia za tope, mchanga na mito huharibika sili mara kwa mara.

Pamoja na hayo, somo hili hufundishwa mara nyingi kana kwamba ni orodha ya hatua za kukariri. Mwalimu hufungua, wanafunzi hutazama. Mwalimu hutoa sili iliyochakaa, hutia mpya, na kipindi hukwisha. Mwanafunzi aliyefundishwa kwa njia hiyo hufika kwenye gereji akaifanya kazi vizuri kwa mikono yake, lakini baada ya miezi michache gari lile lile humrudia likivuja mahali pale pale. Hapo husema kwamba sili za siku hizi ni mbovu. Huenda zimo zilizo mbovu. Lakini mara nyingi sili haikuwa na kosa lolote. Kosa lilikuwa kwenye kitu kingine kilichoiharibu, na kitu hicho hakuna aliyemfundisha kukitafuta.

Makala haya yanakusudia kuonyesha jinsi somo hili linavyoweza kupangwa ili mwanafunzi ajifunze kutafuta chanzo kabla ya kushika spana. Tumechagua gari la Land Rover Series III, lililotengenezwa Uingereza kuanzia mwaka 1971 hadi 1985, kwa sababu muundo wake ni wazi, sehemu zake huonekana na kushikika, na mengi ya aina hiyo yangali katika karakana za mafunzo. Mwalimu mwenye gari la aina nyingine ataweza kuufuata mpango huu huu, mradi asome kwanza kitabu cha gari lake, maana vipimo na mpangilio wa sehemu hutofautiana.

2. Mambo ambayo mwalimu hana budi kuyaelewa kwanza

Katika ekseli ya nyuma ya gari hili uzito wa gari haubebwi na hafu shafti. Hubebwa na habu, ambayo huzunguka juu ya beringi mbili zilizovikwa kwenye shina la ekseli. Shina hilo lina uwazi katikati, na ndani ya uwazi huo hupita hafu shafti inayoleta nguvu kutoka kwenye difu hadi kwenye habu. Oili ya difu nayo huweza kutambaa kwa njia hiyo hiyo hadi ndani ya habu. Sili hukaa upande wa ndani wa habu, nyuma ya beringi, na mdomo wake wa mpira huikumbatia kola laini iliyovikwa kwenye shina. Kola haizunguki, sili huzunguka pamoja na habu. Kazi yake ni kuzuia oili na grisi zisitoke, na kuzuia maji na vumbi yasiingie.

Nyuma tu ya sili hiyo kuna breki. Hapo ndipo uzito wa somo hili ulipo. Oili ikipita sili huingia ndani ya dramu na kulowesha breki shuu. Gurudumu lenye shuu zilizolowa oili halishiki kama lile la upande wa pili, na dereva akikanyaga breki kwa nguvu gari huvutwa upande mmoja. Kwenye mteremko, gari likiwa limebeba watu, tone lililodharauliwa karakanani huweza kugharimu maisha. Yafaa wanafunzi waelezwe jambo hili mwanzoni mwa somo, wala lisiachwe kuwa nyongeza ya mwisho.

3. Matayarisho

Tunapendekeza vipindi vinne vya dakika 40, viwili viwili mfululizo. Kwa darasa la wanafunzi 30 na gari moja, haiwezekani wote walizunguke gurudumu moja na wote wajifunze. Wagawanywe katika makundi matano ya watu sita, na kila kundi lipite katika vituo vitano kwa zamu:

(a) gari lenyewe, ambapo kazi hufanyika hatua kwa hatua;
(b) meza yenye habu kuukuu, ambayo kundi huifungua na kuifunga bila haraka;
(c) meza ya vielelezo: sili zilizochakaa, kola zenye mfereji, beringi zilizoliwa;
(d) meza ya majaribio, itakayoelezwa hapa chini;
(e) ubao wa kuchora, ambapo kila mwanafunzi huchora mkato wa habu na kuonyesha njia ya oili kwa mishale.

Vielelezo vya kituo (c) havinunuliwi. Mwalimu aombe gereji zilizo jirani zimwekee sili na beringi zinazotupwa. Kila kimoja kifungwe kikaratasi chenye namba tu, bila jina la ugonjwa wake, ili wanafunzi wenyewe wautambue.

Vifaa vya kazi ni jeki, stendi mbili imara, vigingi vya kuzuia magurudumu, spana za kawaida, spana kubwa ya boksi ya nati za habu, nyundo, bisibisi, beseni la oili, mafuta ya taa, vitambaa safi, grisi ya beringi, oili ya difu, na vipuri, yaani sili, gasketi ya hafu shafti na washa ya kufungia nati.

Kuhusu lugha, vitabu vingi vya magari vimeandikwa kwa Kiingereza, hali mafundi wana maneno yao. Mwalimu asiyadharau maneno ya mafundi. Aandike ubaoni neno litumikalo karakanani, aonyeshe kitu chenyewe, kisha ahakikishe darasa zima linatumia neno hilo moja hadi mwisho wa somo.

4. Uchunguzi kabla ya kufungua

Kipindi cha kwanza kisiwe na spana hata moja. Gari lisimamishwe mahali tambarare, na wanafunzi waulizwe: oili hii imetoka wapi? Mazungumzo huweza kwenda hivi:

Mwalimu: Mnaona nini kwenye gurudumu hili?
Mwanafunzi: Mwalimu, kuna unyevu upande wa ndani, na vumbi limeganda.
Mwalimu: Ni unyevu wa kitu gani?
Mwanafunzi: Ni oili ya difu.
Mwalimu: Umejuaje kwamba si mafuta ya breki?

Swali hilo la mwisho ndilo lango la somo. Ndani ya dramu mna vitu viwili vinavyoweza kuvuja, nazo ni sili ya habu na silinda ndogo ya breki. Anayekosea kuvitofautisha atafungua habu nzima bure. Oili ya difu ni nzito na huteleza sana vidoleni, na ina harufu kali inayokaribia ya kiberiti. Mafuta ya breki ni mepesi, na hubabua rangi ya gari. Kwenye kituo (d) kuwe na glasi mbili za maji. Katika moja litiwe tone la oili ya difu, na katika nyingine tone la mafuta ya breki ya aina ya kawaida. Oili itaelea juu; mafuta ya breki yatachanganyika na maji. Jaribio hilo huchukua dakika moja, na mwanafunzi aliyeliona halisahau.

Wanafunzi watazame pia mahali unyevu ulipo. Ukionekana upande wa nje, kuzunguka bolti za hafu shafti, huenda gasketi ya hapo ndiyo mbovu, na dawa yake ni nyepesi zaidi. Ukionekana upande wa ndani, chini ya bamba linaloshikilia breki, sili au silinda ndiyo ya kushukiwa. Kila kundi liandike daftarini dhana yake na sababu zake kabla ya kufungua. Mwalimu asiseme nani amepata na nani amekosa, gari litasema.

5. Usalama

Ipo hatari moja katika gari hili ambayo haina budi kufundishwa kwa mkazo. Breki yake ya mkono haishiki magurudumu yenyewe. Hushika shafti inayotoka nyuma ya giaboksi kwenda kwenye difu. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa kwa jeki, difu huliruhusu lizunguke, na lile lililobaki chini nalo huwa huru kuviringika hata kama breki ya mkono imevutwa hadi mwisho. Kwa hiyo magurudumu yaliyo chini yawekewe vigingi mbele na nyuma kabla ya jeki kuguswa, na ekseli ikalishwe juu ya stendi. Asiwepo mtu wa kufanya kazi kwenye gari lililoshikiliwa na jeki peke yake.

La pili ni vumbi la breki. Breki shuu za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake ni hatari kwa mapafu. Lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu ya upepo. Lifutwe kwa kitambaa kilicholowa maji.

6. Kufungua

Hatua za kufungua si ngumu, hivyo zipite kwa mwendo mzuri. Nati za gurudumu hulegezwa gari likiwa bado chini. Upande unaofanyiwa kazi ukiinuliwa zaidi, oili hukimbilia upande wa pili, na kidogo tu ndiyo humwagika. Baada ya gurudumu kutolewa, breki hulegezwa kwenye kirekebishi chake, skrubu za dramu hufunguliwa, na dramu hutolewa. Kisha hufunguliwa bolti sita za hafu shafti, nayo huvutwa nje huku beseni likiwa chini.

Sasa huonekana nati mbili kubwa na washa katikati yake. Masikio ya washa yaliyokunjwa hunyoshwa, nati ya nje hutolewa, kisha washa, kisha nati ya ndani. Wanafunzi watazuiwa kabisa kutumia tindo na nyundo badala ya spana ya boksi. Nati iliyopigwa tindo huharibika pembe zake, na fundi ajaye hulazimika kuipiga zaidi. Habu inapovutwa, mkono mmoja ukinge beringi ya nje isianguke mavumbini. Sili hung'olewa kutoka nyuma ya habu, na beringi ya ndani hufuata.

7. Kutafuta chanzo

Hapa mwalimu asimame, na spana ziwekwe chini. Sili iliyotolewa ipokezanwe mkono kwa mkono, na swali liulizwe upya: imekufa kwa uzee, au imeuawa? Vyanzo vya kuchunguzwa ni vitano.

Cha kwanza ni sili yenyewe. Mpira ukiwa mgumu na umepasuka, uzee unatosha kuwa sababu. Ukiwa bado laini lakini mdomo umekatika au umekunjika upande mmoja, aliyeifunga mara ya mwisho ndiye aliyeiharibu.

Cha pili ni kola. Mdomo wa sili ukisugua mahali pale pale kwa miaka, tena pamoja na mchanga, huchimba mfereji kwenye chuma. Mwanafunzi apitishe ukucha juu ya kola. Ukucha ukikwama, kola ibadilishwe. Sili mpya juu ya kola yenye mfereji itavuja tena baada ya muda mfupi, kwa kuwa mdomo wake hauna mahali laini pa kukalia. Hili ndilo kosa linalofichika zaidi, na ndilo linaloyarudisha magari mengi karakanani.

Cha tatu ni beringi. Beringi iliyolegea au iliyoliwa huifanya habu iyumbe, na sili haiwezi kuufuata mduara unaoyumba. Beringi zioshwe kwa mafuta ya taa, zikaushwe, na vigololi vyake vitazamwe kimoja kimoja. Vijishimo au rangi ya buluu iliyoletwa na joto ni dalili kwamba hazifai tena.

Cha nne ni tundu la kupumulia. Juu ya ekseli kuna kijitundu kinachoruhusu hewa kutoka na kuingia. Gari likitembea, ekseli hupata joto na hewa iliyomo hupanuka. Tundu likizibwa na tope, hewa hiyo hutafuta njia nyingine, na njia iliyo dhaifu kuliko zote ni sili. Jambo hili huonyeshwa vizuri kwenye kituo (d): puto livikwe kwenye mdomo wa chupa tupu, kisha chupa iwekwe ndani ya maji ya moto. Puto litainuka. Chupa ihamishiwe kwenye maji baridi, nalo litanywea. Kunywea huko kunaeleza balaa nyingine: ekseli yenye joto ikiingia mtoni ghafla, hewa hujikunyata na kuyavuta maji ndani kupitia sili ile ile. Oili iliyoingiwa na maji hugeuka rangi kama chai ya maziwa, na haifai kuachwa ndani.

Cha tano ni oili kuzidi kiasi. Wako wanaoamini kwamba oili nyingi ni heri kuliko chache. Difu iliyojazwa kupita tundu la kipimo huisukuma oili kwenye habu kila gari linapoinamia upande mmoja au kukata kona.

Baada ya uchunguzi huu kila kundi lirudi kwenye dhana liliyoiandika na kuirekebisha. Mwanafunzi asifute alichoandika mwanzo. Akiweke, na chini yake aandike alichokiona. Daftari la namna hiyo humwonyesha mwalimu jinsi mwanafunzi anavyofikiri, jambo ambalo sili iliyokwisha kufungwa haliwezi kulionyesha.

8. Kufunga

Habu isafishwe mpaka kitambaa kitoke cheupe. Beringi zishindiliwe grisi kwa kiganja hadi itokee upande wa pili. Beringi ya ndani irudishwe kabla ya sili. Sili mpya ipakwe oili au grisi kidogo mdomoni, na igeuzwe ili upande wenye springi ndogo utazame beringi. Iingizwe kwa kusukumwa sawasawa kuzunguka pande zote, kwa kutumia kipande bapa cha chuma au mbao kinachoenea juu yake. Wanafunzi wenye pupa huipiga upande mmoja kwa nyundo. Sili ikiingia mshazari hupinda, na kazi yote huharibika kwa pigo moja. Kina chake kifuate kitabu cha gari.

Habu irudishwe kwenye shina ikiwa imenyooka, ili mdomo wa sili usikatwe. Kisha huja beringi ya nje na nati ya ndani. Nati hiyo hukazwa huku habu ikizungushwa, ili beringi zikae mahali pake, kisha hulegezwa kidogo mpaka uchezaji wa habu ufikie kipimo cha kitabu. Kipimo hicho ni kidogo mno, kiasi cha unene wa karatasi ya kuandikia. Habu iliyobanwa sana huunguza beringi. Iliyolegea huyumba na kuua sili. Washa mpya huvikwa, nati ya nje hukazwa, na uchezaji hupimwa kwa mara ya pili, kwa kuwa nati ya nje huubadilisha. Ndipo masikio ya washa yakunjwe, moja juu ya nati ya ndani na jingine juu ya nati ya nje.

Hafu shafti irudishwe na gasketi mpya. Dramu isafishwe. Breki shuu zilizolowa oili zisioshwe kwa petroli na kurudishwa, kwani oili iliyozama ndani yake hutokea tena zikipata joto. Zibadilishwe, tena za magurudumu yote mawili ya nyuma, ili breki zishike sawa. Gharama yake hukatisha tamaa, hasa ikilinganishwa na bei ya sili, lakini ndivyo wahenga walivyotufunza: usipoziba ufa utajenga ukuta. Mwisho, breki zirekebishwe, tundu la kupumulia lizibuliwe, na oili ijazwe hadi kwenye kipimo, gari likiwa tambarare.

Gari lijaribiwe kwa mwendo mdogo mahali pasipo watu, kisha habu iguswe kwa tahadhari na kulinganishwa na ile ya upande wa pili. Joto likizidi sana upande mmoja, uchezaji au breki haikuwekwa sawa. Kesho yake asubuhi kundi lile lile lirudi kutazama kama kuna unyevu.

9. Upimaji

Mtihani unaotazama tu kama sili imeingia na oili haidondoki humpa alama sawa aliyefikiri na aliyebahatisha. Tunapendekeza alama 50 zigawanywe hivi: usalama 10, uchunguzi kabla ya kufungua 15, ufunguaji na ufungaji 15, maelezo ya chanzo na ushauri kwa mwenye gari 10.

Sehemu hiyo ya mwisho ifanywe kwa mdomo. Mwanafunzi mmoja awe fundi, mwingine awe mwenye gari asiyetaka kulipia kola wala breki shuu, anayesema, "Fundi, nitilie sili tu, nina safari." Mwanafunzi amweleze kwa adabu na kwa lugha nyepesi kwa nini sili peke yake haitoshi. Fundi asiyeweza kueleza hivyo atashindwa na mteja, na gari litaondoka na ugonjwa wake.

10. Hitimisho

Tumeona kwamba kipuri kidogo kinaweza kubeba somo kubwa. Mbinu iliyoelezwa hapa haihitaji fedha nyingi. Inahitaji chupa, puto, glasi mbili za maji, vipuri vilivyotupwa, na mwalimu aliye tayari kunyamaza wakati wanafunzi wanafikiri. Kunyamaza huko ni kugumu, hasa kwa mwalimu aliye fundi hodari, ambaye mikono yake huwasha kuchukua spana. Hata hivyo, wanafunzi wetu wengi watafanya kazi mahali ambapo hakuna mkufunzi wa kuulizwa, na magari watakayoyafunga yatabeba wagonjwa, watoto wa shule na mazao ya wakulima. Walimu wenzetu watakaoujaribu mpango huu katika vyuo vyao waanze na kipindi kile cha kwanza kisicho na spana, kisha watazame tofauti katika maswali ambayo wanafunzi wao watayauliza.